Wanafunzi wa Ufaransa walipopigishwa magoti, niliwakumbuka wa kwetu

Asubuhi ya kwanza nilidhani gari la taka limeharibika. Mapipa makubwa ya plastiki, yale yenye magurudumu, yalikuwa yamepangwa mbele ya geti la shule mpaka yameziba njia yote. Juu yake yalirundikwa mabao ya kubebea mizigo. Wanafunzi walisimama pembeni na makoti yao, wengine wanaimba, wengine wanakunywa kahawa. Mkuu wa shule naye alikuwa hapo hapo barabarani, kajifunga skafu, anazungumza nao.

"Leo hakuna masomo, Madame," binti mmoja wa darasa langu aliniambia. "Tumegoma."

Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba 2018, katika jiji la Toulouse, kusini mwa Ufaransa. Nilikuwa nimekwenda kusoma shahada ya uzamili, baada ya kufundisha miaka tisa katika shule ya sekondari ya bweni hapa Tanzania. Ili nipate hela ya kujikimu, nilifundisha mazungumzo ya Kiingereza saa 12 kwa wiki katika shule moja ya sekondari. Mume wangu na binti yetu, aliyekuwa darasa la tano, walibaki Morogoro.

Mimi nikisikia neno mgomo, mwili husisimka. Mwalimu yeyote aliyewahi kushika zamu kwenye shule ya bweni anajua kwa nini. Unawaza mawe, vioo na moto. Kwa hiyo nilirudi nyuma hatua kadhaa na kumuuliza mwalimu mwenzangu wa historia kama tuondoke. Akacheka. "Tuondoke twende wapi? Nenda kawaulize wanataka nini."

Nilikwenda. Yule binti alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Aliniambia kwamba mwaka huo serikali ilikuwa imeanzisha mfumo mpya wa mtandaoni wa kuomba nafasi za vyuo, uitwao Parcoursup. Majibu ya kwanza yalipotoka mwezi Mei, karibu nusu ya waombaji hawakuwa na chuo hata kimoja kilichowakubali siku hiyo. Dada yake alikuwa mmojawapo, akawa anaamka usiku kuangalia simu. Pia mtihani wa kumaliza sekondari, baccalauréat, ulikuwa unabadilishwa, na wao waliogopa kwamba cheti cha shule ya mtaa wa kawaida kitakuja kuonekana hafifu kuliko cha shule ya mtaa wa wenye nazo.

Kulikuwa na bango jingine lililonigusa zaidi. Mwezi Novemba serikali ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo wa 2019, wanafunzi wapya wanaotoka nje ya Ulaya watalipa ada kubwa katika vyuo vikuu vya umma. Shahada ya kwanza ingetoka euro 170 kwa mwaka hadi 2,770, na ya uzamili kutoka euro 243 hadi 3,770. Mimi nilikuwa nimeshaingia, lakini mdogo wangu alikuwa anaweka akiba ili anifuate. Nilimuuliza yule binti kwa nini wanalibeba jambo lisilowahusu. Akanishangaa: "Kwani wewe si unatoka nje ya Ulaya?"

Sitaki msomaji adhani wote walikuwa malaika. Wapo waliokuja kwa sababu tu hawakupenda hesabu za Jumatatu asubuhi. Siku tulipopata kuingia darasani niliwapa zoezi: kila mmoja aandike kwa Kiingereza, kwa sentensi tatu, anagoma kwa ajili ya nini. Wenye hoja walimaliza mapema. Wale wa hesabu za Jumatatu walitafuna kalamu mpaka kengele ikalia. Na nchi nzima ilikuwa imechemka, maana waandamanaji wa vizibao vya njano walikuwa wameanza wiki chache kabla kwa sababu ya kodi ya mafuta. Katika miji mingine vijana walichoma mapipa na magari, na polisi walijibu kwa mabomu ya machozi.

Kisha ikaja Desemba 6. Jioni hiyo video moja ilienea kwenye simu za watu wote. Ilipigwa Mantes-la-Jolie, mji ulio magharibi mwa Paris, ambako polisi waliwakamata vijana 151 karibu na shule baada ya vurugu. Wamepigishwa magoti kwa mistari, wengine mikono kichwani, wengine mikono imefungwa mgongoni. Sauti ya mtu inasikika ikisema kwa kejeli kwamba hilo sasa ndilo darasa lililotulia.

Kesho yake ofisi ya walimu ilikuwa kimya kama kuna msiba. Mwalimu wa historia, yule aliyenicheka, macho yake yalikuwa mekundu. "Watoto," alisema. "Wamewapigisha magoti watoto." Wenzake wakatikisa vichwa. Mimi nilishika kikombe changu cha chai, sikusema kitu.

Ningesema nini? Mwaka 2014 nilikuwa mwalimu wa zamu shuleni kwetu. Wavulana wa kidato cha tatu, kama arobaini hivi, waligoma kula kwa sababu maharage yalikuwa na wadudu. Niliwatoa bwalo, nikawapeleka uwanja wa mstarini na kuwapigisha magoti kwenye kokoto, mikono juu, kuanzia saa saba mchana mpaka saa tisa. Kijana mmoja mwembamba alikuja na bakuli lake ili anionyeshe. Nilimwambia aliweke chini na apige magoti kama wenzake. Walipokuwa wamenyamaza wote, nakumbuka niliwaambia, "Sasa mmekuwa watoto wazuri."

Hakuna aliyenipiga picha. Mkuu wa shule alinisifu kwenye kikao kwa kuzima mgomo mapema. Nilirudi nyumbani nikala, nikalala usingizi. Ilinibidi nisafiri maelfu ya kilomita, niyaone magoti ya watoto wa watu wengine, ndipo nilione lile bakuli.

Mgomo wa Toulouse ulififia likizo ya Krismasi ilipofika. Wanafunzi hawakupata walichodai: Parcoursup ilibaki na mtihani ulibadilishwa. Lakini shuleni kwangu hakuna aliyefukuzwa, na mkuu wa shule aliwapa ukumbi mchana mmoja wakae na walimu wajadiliane. Nilikaa nyuma nikawasikiliza watoto wa miaka 16 wakimpinga mkuu wao bila kumtukana, naye akiwapinga bila kuwatisha. Mwishoni hawakukubaliana, wakaaga, wakaenda zao nyumbani.

Nilirudi Tanzania mwaka 2019. Natamani kusema nilibadilika siku ile ile, lakini si kweli. Mazoea ya miaka tisa hayavuliwi kama koti. Mara mbili nimejikuta nikiwaambia wanafunzi "magoti chini" kabla sijauliza kilichotokea.

Mwaka 2022 binti yetu alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Usiku mmoja alinipigia kwa simu ya matroni, akiongea kwa sauti ya chini. Wenzake walikuwa wanapanga kugoma kula kesho yake. Maharage, tena. Niliogopa kama mzazi yeyote, nikaanza kumwambia ajitenge nao, asije akafukuzwa. Akanikatiza.

"Mama, kama wewe ndiye ungekuwa mwalimu wetu wa zamu, ungetufanya nini?"

Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikamwambia ukweli. Nilimsimulia habari za kokoto, za saa mbili juani, na za yule kijana na bakuli lake. Nilidhani atanilaumu au atalia. Akauliza tu:

"Na maharage? Mliyabadilisha?"

Hatukuyabadilisha. Yalipikwa tena kesho yake.

Usiku ule ule nilimpigia mwalimu wake wa malezi, nikamwomba kabla ya jambo lolote aende jikoni akayaangalie yale maharage, awaite na wawakilishi wa wanafunzi waangalie pamoja naye. Alienda. Gunia lilitolewa, na mgomo haukutokea. Najua si kila shule itasikia simu ya mzazi.

Mzazi mwenzangu, mtoto wako akikugomea leo, iwe chakula, shule au kazi za nyumbani, usiwe na haraka ya kumnyamazisha. Kwanza angalia amekuletea nini kwenye bakuli. Mimi yule kijana mwembamba sijawahi kumwona tena tangu amalize shule. Nikimwona, kuna neno namdai nafsi yangu kumwambia.