Miguu na Sadaka

Kutembea kwa ajili ya sadaka ni desturi inayomshangaza mtu anayeikuta kwa mara ya kwanza. Mgonjwa yuko kitandani, mwenye fedha yuko dukani mwake, na kati yao mtu wa tatu anapanda vilima. Jasho la mpanda vilima lamfaa nini mgonjwa? Na kwa nini mfuko wa mwenye fedha ulingoje jasho hilo ndipo ufunguke?

Mama yangu aliniuliza hivyo mwaka 2019, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili Uingereza. Nilimpigia simu Tanga, nikamwambia kuwa nitatembea njia iitwayo West Highland Way, huko Uskoti, ili kuchangisha fedha za dawa za watoto wenye sikoseli. Akasema, "Mwanangu, kwani miguu yako ndiyo dawa? Wape nauli hiyo, nawe ukae nyumbani." Yeye amelelewa katika mafundisho kwamba mkono wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Hoja yake ilikuwa nzito, nami niliichukua pamoja na mzigo wangu.

Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1980, nayo ina urefu wa maili 96, yaani kilomita 154. Huanzia Milngavie, karibu na Glasgow, hufuata ukingo wa ziwa Loch Lomond, hupita kando ya nyika ya Rannoch yenye majimaji, kisha huishia Fort William, karibu na mlima Ben Nevis. Baadhi ya sehemu zake ni barabara za kale za askari, na mapito ya watu waliopeleka ng'ombe sokoni. Niliitembea kwa siku 7.

Jibu nililiona katika hesabu. Nilipowasimulia wenzangu habari za ugonjwa huo walinipa pole, na pole haina kipimo. Maili ina kipimo. Aliyeahidi nusu pauni kwa kila maili aliniuliza kila jioni nimefika wapi, na kwa kuuliza hivyo aliwakumbuka watoto mara 7. Miguu haiponyi mtu, lakini humkumbusha mwenye mfuko.

Hata hivyo, mtembeaji asijisifu. Maumivu ya magoti yangu niliyachagua mwenyewe, na siku ya 8 yalikoma. Mtoto mwenye sikoseli hakuchagua. Maumivu humwingia mifupani bila kubisha hodi, na dawa ya haidroksiyurea, inayoyapunguza, humpasa kuitumia siku zote.

Fort William nilipongezwa kuwa nimemaliza safari. Lakini ahadi ni deni, na madeni hayo yalikuwa bado mikononi mwa walioahidi. Miezi miwili nilipita mlango kwa mlango nikidai, na kazi hiyo, isiyo na ziwa wala mlima wa kutazama, ilinichosha kuliko maili zote 96. Basi atakaye kutembea kwa ajili ya wengine, na aziweke siku za kudai katika hesabu ya safari yake.