Kindege wa Pemba na Jina Lake

Mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo kindege huyu, pamoja na pete nyeupe izungukayo jicho lake, hupita juu ya vichwa vya wengi bila ya kutazamwa. Ni mdogo, wa manjano, na huandamana na wenzake kupekua wadudu majanini, katika msitu wa Ngezi na hata katika mikarafuu. Kwao ni Pemba. Kwengine duniani hana kwao.

Mwaka 1924 Mwingereza David Bannerman alimwandika kuwa spishi mbali, akamwita Zosterops vaughani kwa heshima ya J. H. Vaughan, aliyekusanya ndege wa visiwa hivi. Walitokea wataalamu waliomrudisha chini ya jamaa zake wa bara, wakamfanya tawi tu la ukoo wao. Leo orodha kuu za ndege zinamhesabu spishi kamili.

Shahidi wake mkubwa ni bahari. Enzi za barafu, maji yaliposhuka zaidi ya mita 100, Unguja iliungana na bara. Pemba, iliyokingwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, ilibaki peke yake. Ndiyo maana ina spishi nne za ndege zisizopatikana kwengine: ninga, bundi, chozi na huyu mwenye pete. Unguja haina hata moja. Upweke, ambao washairi huulalamikia, huku umekuwa mlezi.

Wapemba wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, maneno mengi ya kisiwa cha Kamange na Sarahani yalibaki nje ya vitabu vya shule. Hayakufa, yaliendelea kusemwa majumbani na kuimbwa. Kuitwa tawi hakukuyapunguzia utamu, ila kuliyapunguzia walinzi.

Na hapo ndipo uzito wa jina ulipo. Ndege anayehesabiwa tawi la wengi akitoweka, husemwa kuwa wenzake wapo bara. Anayehesabiwa spishi akitoweka, hana mwenzake. Kwa sasa kindege huyu bado ni wengi kisiwani, na huo ndio wakati mwema wa kumjua. Neno lililosahauliwa laweza kufufuliwa na shairi. Ndege aliyekwisha hana shairi la kumrudisha.