Mlete Alivyo

Wazazi wengi hunifikia wakiwa wamempanga mtoto. Kwenye daladala wamemwimbisha herufi, wamemkumbusha shikamoo, na mlangoni wanamsukuma mbele: "Msalimie daktari! Mwambie jina lako!" Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, fani inayofundishwa KCMC Moshi, na sehemu yangu katika tathmini ya usonji ni kumtazama mtoto akicheza. Aliyepangwa hunichelewesha, maana inabidi kwanza nisubiri yale aliyofundishwa yamwishe.

Siwalaumu. Mzazi anaiona siku ile kama usaili wa shule, na nani asingependa mwanawe afaulu? Lakini hapa hakuna kufaulu. Usonji hauna kipimo cha damu, wala hauonekani kwenye picha ya ubongo. Tuna mwenendo wa mtoto, na tuna maelezo ya anayemlisha na kulala naye. Haya ya pili ndiyo mazito, kwa sababu mimi namwona kwa muda mfupi, katika chumba asichokijua, pengine usingizi umemshika.

Kabla yangu, masikio. Mama ataapa kwamba mtoto anasikia, kwani tangazo la sabuni likianza kwenye runinga anakuja mbio. Inawezekana. Inawezekana pia anasikia mdundo na kelele nzito, huku sauti nyembamba za maneno zikimpita. Kwa hiyo kipimo cha usikivu hakirukwi, hata mama aape vipi. Wengine wakati huo wameshapita kwa mkata udata, ule utando wa chini ya ulimi. Udata ukikaza unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, au kutamka sauti fulani. Haumzuii kunyoosha kidole.

Kidole hicho ndicho ninachokivizia kuliko maneno. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hunyoosha kidole kwa mambo mawili: kuomba, na kuonyesha. Akitaka biskuti iliyo juu ya kabati, anaielekezea kidole. Huko ni kuomba. Ndege ikipita angani, anainyooshea kidole, kisha anageuka kukutazama usoni kuhakikisha nawe umeiona. Hataki umpe ndege. Anataka muione pamoja. Kwa watoto wengi wenye usonji huku kuonyesha ndiko kunakochelewa au kukosekana, hata kama kuomba kupo. Ndiyo maana napuliza mapovu ya sabuni, halafu nafunga chupa na kukaa kimya. Je, atanitazama mimi, atamgeukia mama, au ataishika chupa tu na kuhangaika nayo? Mtoto anayetaja rangi zote kwa Kiingereza cha katuni anaweza kukwama hapo hapo.

Tunalo pia dodoso la maswali 20 ambalo mzazi hujibu, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 3 hadi 7, tunarudi kwa mzazi tukachimbe zaidi. 8 na kuendelea, mtoto anapelekwa moja kwa moja kwenye tathmini kamili. Ni chujio tu. Wapo wanaonaswa humo na kumbe wana tatizo jingine la ukuaji, na wapo wanaopenya. Nalo linahitaji mtu wa kuliuliza vizuri. Ukiuliza kama mtoto anajifanya kunywa kwenye kikombe cha kuchezea, mzazi atajibu hapana, kwa sababu nyumbani hakuna vikombe vya kuchezea. Uliza kama anapika mchanga kwenye vifuu na kukukaribisha ule, utapata jibu jingine kabisa.

Shahidi bora mara nyingi ameachwa nje kwenye benchi, amebeba mkoba wa nepi: dada wa kazi. Huwa namwita ndani. Mmoja nilimuuliza, "Dada, akitaka kitu anafanyaje?" Akajibu bila kufikiri: "Ananishika mkono, ananivuta hadi kabatini, anausukuma mkono wangu kwenye kitasa. Hanitazami. Ni kama mkono si wangu." Mama, anayetoka alfajiri na kurudi usiku, alikuwa akilisikia hilo kwa mara ya kwanza. Dodoso zima halikuwa limenipa sentensi kama ile.

Baba naye husema hata yeye alichelewa kuongea na leo ni mhasibu. Huenda kweli. Ila namuuliza bibi, kama yupo: alipokuwa hasemi, alikuwa anaomba vipi, anacheza na nani? Mchelewaji wa maneno tu kwa kawaida huongea kwa mikono, macho na uso mzima.

Na simu, ambayo wengi tunaigombeza kwa kuwalea watoto, hapa ina kazi. Mrekodi mtoto akila, akinyolewa, wenzake wakicheza uani naye akiwa pembeni, utuletee tuone. Usimwite atazame kamera, usimfute makamasi.

Jina la hali ya mtoto atalitoa daktari bingwa, na huenda akataja ngazi, 1 hadi 3, kwa mpangilio ulioanza kutumika mwaka 2013. Ngazi hiyo inasema mtoto anahitaji msaada kiasi gani kwa sasa. Haisemi atakuwa nani akiwa na miaka 20.

Foleni ya kumfikia bingwa inaweza kuwa ndefu, hasa kwa anayetoka mkoani, na mazoezi hayangoji cheti. Kikombe cha maji usimpe kabla hajaomba. Kishike karibu na uso wako, sema "maji", subiri kidogo. Akikutazama, akigusa, akitoa sauti yoyote, mpe papo hapo. Fanyeni hivyo kila mlo, na dada afundishwe pia, kwa sababu mchana kutwa kikombe kiko mikononi mwake.