Mstari wa Baba

Kwenye cheti changu cha kuzaliwa, pale pa jina la baba, pana herufi X zimepangwa kama ua wa makuti. Nilizihesabu nikiwa darasa la nne, siku tulipoagizwa kupeleka nakala shuleni. Mamangu, muuza viazi karai hapa Likoni, alinambia, "Mashini ya serikali ilikwama, mwanangu." Niliamini hadi kidato cha pili.

Haikuwa mashini. Kilikuwa kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo: wazazi kama hawakuoana, jina la baba haliingii mpaka waombe wote wawili pamoja. Mama angepiga foleni mwaka mzima. Bila yule mwanamume kando yake, ni X tu. Katiba ya 2010, ibara ya 53, ikaja kusema wajibu wa kumlea mtoto ni sawa kwa mama na baba, wameoana au hawajaoana. Mei 2016, katika kesi iliyopelekwa na mama mmoja, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua kifungu hicho chapingana na Katiba. Mimi nishamaliza shule ya msingi na X zangu.

Babangu namjua, lakini. Dereva wa malori, akaa Changamwe. Tumeonana mara tatu, zote kwa bahati mbaya.

Mwaka jana nikapata binti. Mamake ni wa Kisauni, na hatujaoana. Siku ya tatu akanipigia: "Karatasi ya hospitali ninayo. Waja, ama niache wazi?"

Sikujibu. Nilisema network mbaya, nikakata.

Maskani wakanishauri. "Usisaini kitu, bro. Ukisaini umejifunga. Waambie DNA kwanza." Sheria ya Watoto ya 2022 ilikuwa ishanifunga zamani, nisaini nisisaini, na mtoto kichwa kile cha kwetu kabisa. Hayo yote niliyajua. Bado nililala na lile neno la DNA usiku mzima, nikiligeuzageuza kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma. Hilo sijamwambia mamake mtoto. Atalisoma hapa.

Asubuhi nikapanda feri ya kwanza, kisha matatu ya Kisauni. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinipa mtoto nimshike, akaenda kuvaa buibui lake, tukatoka. Kusaini kwenyewe hakukufika dakika mbili. Nilitoka jasho kama nimebeba simiti.

Cheti kilipotoka nilimpelekea mamangu kwenye meza yake. Alikishika kwa ncha za vidole asikitie mafuta, akasoma ule mstari polepole, midomo ikicheza.

"Na chako?" akauliza. "Chaweza kurekebishwa?"

Nikamwambia itabidi tumpigie wa Changamwe.

Akanirudishia karatasi, akageuza viazi.

"Namba unayo?"