Hatua ya Tano



Wengi wenu mnafahamu kwamba Jumamosi jioni, baada ya maungamo, hubaki ukumbini na kikundi chetu kidogo cha sataranji. Majuma mawili yaliyopita nilishindwa na kijana wa kidato cha tatu. Aliponiambia kwa adabu, "Baba, tuupitie mchezo wetu tuone makosa," nilimjibu kwamba nina kazi ofisini. Kazi sikuwa nayo. Nilikuwa na aibu. Walioniuliza niliwaambia kwamba nilichoka mwishoni, nikampoteza malkia kwa uzembe.

Jumatatu usiku nilifungua daftari nilimoandika hatua zote, nikazipanga kete upya.

Nilichezea kete nyeusi. Tulifungua kwa njia ya Kiitalia: kila mmoja alisogeza kitunda cha mbele ya mfalme, tukatoa farasi, naye akamtoa askofu (wa sataranji, si wa jimbo!) hadi c4. Nikatoa farasi wa pili. Katika hatua ya nne farasi wake aliruka hadi g5, na wote wawili wakakilenga kitunda changu cha f7, ambacho mwanzoni hulindwa na mfalme peke yake. Nikaziba njia ya askofu kwa kitunda cha d5, akakila. Nami, bila kufikiri, nikamla mlaji kwa farasi wangu. Niliona ni haki: amekula, nimekula.

Papo hapo farasi wake akajitoa kafara f7, akimtishia malkia wangu na ngome kwa pamoja. Mfalme wangu akamla. Malkia wake akatokea f3, akimshambulia mfalme na farasi wangu wa d5. Ili kumwokoa farasi, mfalme akatoka hadi e6, katikati ya uwanja wa vita. Malkia nilimpoteza baadaye sana, lakini mchezo uliharibika katika hatua ya tano.

Mtego huu Mwitalia Giulio Cesare Polerio aliujua zaidi ya miaka 400 iliyopita. Dawa yake inafahamika pia: usile, mpeleke farasi wa c6 hadi a5, umfukuze askofu. Utapoteza kitunda kimoja, lakini utapata nafasi ya kuzitoa kete zako upesi.

Ninacho kitabu cha michezo ya mabingwa, nami nimekisoma kwa miaka. Humo sikulikuta kosa langu, kwa sababu mabingwa hawalifanyi. Lilikuwa katika daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mara ngapi nimewahimiza ninyi msitazame siku ya anguko tu, bali mrudi nyuma hadi pale mlipoiacha njia mkidhani mko salama! Ushauri huo mimi mwenyewe niliukwepa kwa ajili ya mchezo wa mbao.

Jumamosi iliyopita kijana alinisalimu, "Shikamoo, Baba." Nilipoitikia, nikamweleza kwamba siku ile sikuwa na kazi yoyote. Akatabasamu, akazipanga kete hadi hatua ya tano.

"Hata mimi, Baba," akasema, "nilifungwa hapa hapa mara tatu. Ndivyo nilivyojifunza."

Nawatakia Dominika njema.