Umati wa Yeriko na Sisi wa Nakuru



Leo sikuletei neno la kukufanya uruke. Nimekuja kuungama. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kuandika Amina hapo chini, maana wengine wenu mnahusika kama mimi ninavyohusika.

Jumanne jioni nilikuwa natembea Kenyatta Avenue na mke wangu. Tulikuwa tumetoka kununua unga na mafuta. Unaijua ile saa: watu wanakimbilia matatu, wauza viatu wametandaza magunia, kila mtu ana haraka ya kufika nyumbani. Kijana mmoja akaanza kutufuata, chupa ya gundi mkononi. Mke wangu akaushika mkoba vizuri. Mimi nikafanya lile unalolifanya wewe pia: nikatazama mbele kana kwamba hakuna mtu anayeongea.

"Pasi," akasema. "Pasi, mimi nilikuwa nalala kwa veranda ya kanisa yenu. Ule wakati mlitufukuza."

Nikasimama.

Wale mliokuwa nasi wakati ule tukiabudu katikati ya mji mnakumbuka. Ilikuwa Januari 2019. Vijana watano au sita walikuwa wakilala kwenye veranda yetu, wengine wadogo kabisa. Asubuhi ya Jumapili wahudumu wa mlangoni walikuta maboksi, makopo, na harufu ya mkojo. Simu ya mwanakwaya ikapotea. Akina mama wakasema wanaogopa kuleta watoto. Wageni walikuwa wakifika mlangoni, wanaona, wanageuka. Wazee wa kanisa wakaniambia, "Mchungaji, fanya kitu."

Nikafanya. Nilimpigia simu mtu niliyemfahamu katika ofisi fulani, nikamwomba atusaidie. Sikusema neno baya. Nilisema, "Tunaomba waondolewe ili watu wapate kuabudu." Siku mbili baadaye lori likaja usiku. Jumapili veranda ilikuwa safi, tumeiosha kwa sabuni na Jik, na mimi nilisimama madhabahuni nikamshukuru Mungu kwa kutupa mahali patulivu pa ibada. Nanyi mkasema Amina.

Halafu ikaja Februari. Wengi wenu mnaikumbuka habari ile, kwa sababu ilitangazwa nchi nzima. Watu wapatao arobaini wa mitaani, wengi wao watoto, walikamatwa hapa Nakuru usiku na kwenda kutupwa katika msitu wa Chemususu, kule Baringo. Aliyewahi kupita upande ule wa Eldama Ravine anaijua baridi yake. Watoto walitoka msituni kwa miguu, wakaokolewa na wananchi. Lawama zikaelekezwa kwa serikali ya kaunti, na suala likafika mpaka Seneti.

Sisemi simu yangu ndiyo iliyowapeleka msituni. Wale wa veranda yetu walirudi mjini baada ya siku chache, wakatafuta veranda nyingine. Lakini niliposikia habari ile kwenye redio, nilizima gari kando ya barabara nikakaa kimya. Nilijua kwamba ombi langu na kitendo kile vilikuwa ndugu. Mimi pia nilikuwa nimeomba waondolewe. Sikuuliza wanapelekwa wapi. Hakuna aliyeuliza. Tulichotaka ni kutowaona.

Mpendwa, fungua Marko sura ya 10, kuanzia mstari wa 46. Hadithi ya Bartimayo unaijua, nami nimeihubiri zaidi ya mara ishirini. Kila nikiihubiri ninakwambia wewe ndiwe Bartimayo. Ninakwambia paza sauti, usinyamaze, muujiza wako uko njiani. Mnapaza sauti, na Mungu anawatendea. Sikatai.

Lakini soma tena polepole, uangalie ni akina nani waliomwambia anyamaze. Hawakuwa askari wa Roma wala Mafarisayo. Marko anatuambia Yesu alikuwa akitoka Yeriko pamoja na wanafunzi wake na mkutano mkubwa. Hao ndio waliomkemea kipofu. Ni watu waliokuwa wakitembea na Yesu barabara moja, wanakwenda naye Yerusalemu. Kwa lugha yetu, ni washirika. Walikuwa na ibada yao inayoendelea, na ombaomba alikuwa anawaharibia utaratibu.

Nilikaa chuo cha Biblia miaka mitatu, nimehubiri miaka karibu ishirini, na siku zote nilijiweka mahali pa kipofu. Jumanne ile pale Kenyatta Avenue, Roho Mtakatifu alinionyesha mahali pangu halisi katika hadithi. Niko kwenye umati.

Najua unachotaka kuniambia, maana mmeniambia mara nyingi. "Pastor, ukiwapa pesa wananunua gundi." Ni kweli, wengine wananunua. "Wengine ni wezi." Ni kweli, wapo. "Wengine wametumwa, kuna mtu mzima amekaa pembeni anangoja hesabu." Hilo nalo ni kweli. Mwaka 2022 BBC ilionyesha jinsi watoto wenye ulemavu walivyokuwa wakitolewa Tanzania na kuletwa Nairobi kuombeshwa barabarani, na pesa zote kuishia kwa wenye kuwamiliki. Kwa hiyo sikwambii utupe shilingi kwa kila mkono ulionyooshwa. Sarafu nyingine tunazitoa ili mtu aondoke haraka, na hiyo ni njia nyingine ya kumnyamazisha.

Ninachokuuliza ni hiki: ukisema "atanunua gundi", je, baada ya hapo unafanya jambo lingine badala ya kutoa pesa, au maneno hayo ndiyo mwisho wa habari? Kwangu mimi yalikuwa mwisho wa habari. Yalinipa ruhusa ya kupita.

Halafu kuna lile jina. Chokoraa. Tunamwita mtoto kwa kazi ya kuchokora taka, kana kwamba alizaliwa pipani. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanyika mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini Kenya, na kaunti yetu peke yake ikiwa na takriban 2,000. Kila mmoja wa hao ana kijiji alikotoka, na kuna siku alitoka. Mwingine alitolewa na njaa, mwingine na pombe ya baba. Kuna aliyezikiwa mama akabaki na watu wasiomtaka. Wengine wamezaliwa hapa hapa, karibu na jaa la Gioto, na hawajui kwingine.

Tulikuwa tukijisifu kwamba Nakuru ndio mji safi kuliko yote Afrika Mashariki. Desemba 2021 tukapewa hadhi ya jiji, nami nilishangilia pamoja nanyi. Usafi ni mzuri. Lakini nimeanza kuogopa tunaposema "jiji lisafishwe" na ndani ya takataka tumewahesabu watu.

Ngoja nirudi kwa kijana. Jina lake nalijua sasa, ila nalihifadhi, maana ni lake.

Tuliingia kibanda cha chai. Mwenye kibanda akasita, akasema huyo akae nje. Sikumlaumu, kwa sababu mimi nilifanya kubwa kuliko hilo. Tukakaa nje sote watatu, mke wangu juu ya kreti ya soda, tukala chapati na maharage. Kijana aliweka chupa yake chini ya kiti, mahali asipoiona.

Akaniambia mama yake alikimbia Kuresoi mwanzoni mwa 2008, naye akiwa mgongoni. Walikaa kambi ya Showground, hapa hapa Nakuru. Mama alifariki akiwa na miaka saba. Mjomba akamchukua, na kipigo kilipozidi akapanda lori la viazi akarudi mjini.

Mpendwa, aliposema Showground niliweka kikombe chini. Mwaka 2008 nilikuwa kijana wa chuo cha Biblia, na tulitumwa kule kugawa uji. Nilikuwa na sufuria kubwa na kikombe cha plastiki, mama baada ya mama, watoto migongoni. Siwezi kusema nilimpa mama yake uji. Watu walikuwa maelfu. Lakini najua kwamba wakati ule wote nilikuwa nawaita wakimbizi wetu, na nililia nikiwaombea. Miaka kumi na moja baadaye mtoto wa mgongoni akaja kulala mlangoni kwangu, nikampigia simu mtu aje na lori. Huruma yangu ilikuwa imebaki kule Showground. Haikukua pamoja na mtoto.

Nikakumbuka swali la Yesu kwa Bartimayo. Yesu anasimama, anawaambia wale wale waliomkemea wamwite, kisha anamuuliza anataka afanyiwe nini. Kipofu! Nani asingejua anachotaka? Lakini Yesu alimpa nafasi ya kusema mwenyewe. Basi nikamuuliza kijana, "Unataka nikufanyie nini?" Nilikuwa nimeshashika mia mbili mfukoni.

Akasema, "Kitambulisho."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akaeleza. Ametimiza miaka kumi na minane. Bila kitambulisho hapati kazi ya mjengo inayolipa kwa M-Pesa, maana hawezi kusajili laini. Usiku akikamatwa hana cha kuonyesha. Na ili apate kitambulisho anatakiwa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi, na chifu wa kwao athibitishe kwamba anamjua. Cheti hana. Mzazi hana. Chifu hamjui. "Pasi," akasema, "mtu akikufa anaandikwa. Mimi hata nikikufa sitaandikwa."

Mke wangu alianza kulia pale kwenye kreti.

Nilikuwa nimefika na mia mbili, naye alikuwa anahitaji mtu mzima wa kwenda naye kwa chifu. Tumezoea kumnukuu Petro kwenye Matendo 3 tukiwa hatutaki kutoa, kwamba yeye pia hakuwa na fedha. Tunasahau alichofanya baada ya kusema hivyo. Alimshika yule kiwete mkono wa kuume akamwinua, na yule mtu akaingia hekaluni pamoja nao. Waliingia wote. Mimi fedha nilikuwa nazo. Nilichomnyima kijana huyu miaka yote ni mkono wangu na siku yangu moja.

Kwa hiyo Alhamisi hii sitakuwa ofisini. Nitakuwa Kuresoi na kijana huyu na mzee mmoja wa kanisa, tukimtafuta shangazi ambaye anasema anamkumbuka nyumba yake kwa mti wa mparachichi. Huenda shangazi hayupo. Huenda chifu atakataa. Huenda kijana mwenyewe asitokee asubuhi stendi, maana gundi ina nguvu zake na siku moja ya chapati haiivunji. Nisingependa uje hapa wiki ijayo ukitarajia ushuhuda uliokamilika. Nakuomba uombe tu, na kama una ndugu upande wa Kuresoi anayezijua familia zilizohama 2008, njoo unione.

Na Jumapili nina ombi kwa washirika wote. Wahudumu wa mlangoni, nawatoa lawama kwa yote mliyofanya kwa amri yangu. Kuanzia Jumapili hii, kijana wa mtaani akija mlangoni msimfukuze. Muulizeni jina, mliandike, aketi. Akinuka, atanuka. Akichukua simu, tutazungumza habari ya simu. Akina mama wa chai, ongezeni sufuria, gharama nitaileta kwa wazee. Na wewe unayesoma, kabla ya Jumapili mtafute mtu mmoja unayempita kila siku pale stendi au nje ya supamaketi, umuulize jina lake. Ukikosa cha kumpa, mpe salamu na umtazame usoni. Ukimjua jina, kesho yake utapata shida kumpita.

Tuombe. Baba, nisamehe kwa lile lori. Nisamehe kwa shukrani niliyokutolea Jumapili ile juu ya veranda iliyooshwa. Walinde watoto wako walioko barabarani usiku huu, uwafunike na baridi ya Nakuru. Usituache tutembee nawe njia moja huku tukiwanyamazisha wanaokuita. Mfungulie njia kijana huyu Alhamisi. Katika jina la Yesu.

Amina.

Mchungaji wenu