Usifunge geji kwa ajili ya kuuza sura

Kama una kawaida ya kupita Coco Beach jioni ya Jumapili, bila shaka umeshaziona. Gari imeshushwa chini ile mbaya, ekzosi inanguruma kama simba mwenye mafua, na huko ndani dashibodi inawaka bluu utadhani ukumbi wa disko. Ukichungulia unakuta geji tatu, nne, nyingine zimepanda mpaka kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Mwenye gari yuko nje, ameegemea boneti, anasubiri sista du apite aulize, "Hivi kaka, hizi saa zote za nini?"

Swali la huyo dada ni zuri kuliko anavyodhani, maana washikaji wengi hawana jibu. Kuna siku nilipewa lifti na jamaa mmoja kutoka Mwenge hadi Mbagala, na njia nzima mshale wa presha ya oili umelala kwenye sifuri. Nikamuuliza, "Kaka vipi, injini haina oili?" Akacheka. "Aa, hiyo tumefunga taa tu. Waya wa sensa hatukuuvuta."

Sasa geji isiyo na sensa ni hereni. Inang'aa, inapendeza, lakini haisikii kitu.

Mimi sisemi kwamba urembo ni dhambi. Nami naupenda. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 1998, ukoo mmoja na ile iliyotwaa Safari Rally kule Kenya mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae wa Scotland. Tofauti ni kwamba wale wakiua injini, timu inaleta nyingine. Mimi gari hii nimeinunua kwa akiba ya miaka minne ya mshahara. Injini ikifa, napanda daladala. Ndiyo maana nilipoamua kufunga geji, niliamua nifunge zinazosema kweli.

Labda utauliza, kwani mishale na taa za kiwandani zina ubaya gani? Zina ubaya mmoja: zinachelewa kusema. Chukua ile taa nyekundu yenye picha ya kibuyu cha oili. Kwenye magari mengi haiwaki mpaka presha ishuke chini ya nusu bar. (Usichangamke, hii ni bar ya kupimia presha, si baa ya Sinza.) Injini yenye afya, ikishapata moto na ukawa unatembea, inahitaji bar tatu, nne hivi. Hesabu ya mafundi wengi ni takriban bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Kwa hiyo presha inaweza kushuka nusu nzima na taa isiseme neno. Siku ikiwaka ukiwa mwendo mkali, aghalabu beringi zimeshaanza kugonga mlango.

Mshale wa joto nao una tabia yake. Watengenezaji wengi hawataki mteja apate presha ya moyo kila akikwama kwenye foleni, basi mshale wameufundisha ukae katikati. Maji yakiwa nyuzi 80, katikati. Yakiwa 95, bado katikati. Ukiuona umeanza kupanda, ujue mambo yameshaharibika.

Basi bwana, nafasi niliyokuwa nayo kwenye gari ni ya geji tatu. Nikachagua presha ya oili, joto la maji, na presha ya tabo. Hizo mbili za mwanzo ni za kulinda injini. Ya tabo ndiyo inayopendwa na vijana kwa sababu mshale unaruka ukikanyaga mafuta, lakini nayo ina kazi: hewa ikianza kuvuja kwenye mpira, au tabo ikisukuma kupita kiasi, utaona kabla injini haijalalamika. Ungenipa nafasi ya geji mbili tu, hiyo ya tabo ningeiacha dukani bila majuto.

Kwenye ununuzi ndipo watu wanapoingizwa mjini. Geji hizi zina saizi mbili maarufu, milimita 52 na milimita 60, kwa hiyo pima kishikio chako kwanza. Halafu angalia kishikio chenyewe. Vile vya kubandika kwenye nguzo ya kioo vinavyotoka Marekani vimetengenezwa kwa gari zenye usukani kushoto. Kwetu usukani uko kulia. Ukinunua bila kuangalia, abiria ndiye atakayesoma geji. Na kama gari yako ina eabegi ndani ya nguzo hiyo, usiiguse kabisa. Tafuta sehemu nyingine.

Majina makubwa yapo. Kuna Defi ya Wajapani, mali ya Nippon Seiki, kampuni ambayo hutengeneza hata dashibodi za kiwandani. Kuna AutoMeter ya Marekani iliyoanza mwaka 1957. Lakini jina likishakuwa kubwa, feki nazo zinazaliwa, boksi lile lile na nembo ile ile. Bei ya geji moja ya kweli utapata seti ya feki tatu na chenji ya soda inabaki.

Utazitofautishaje? Fundi wangu, mzee mmoja wa Ilala asiyependa maneno mengi, alinionyesha njia ambayo haihitaji mtambo wowote. Jirani na gereji yake kuna mama ntilie. Tulimwendea tukamwomba sufuria ya maji yanayochemka.

"Shikamoo mama. Tunaomba maji kidogo ya moto."

"Marahaba wanangu. Ya chai?"

"Hapana mama, tunachemsha sensa."

Akatutazama kwa huruma, kama watu ambao njaa imeshawapanda kichwani. "Haya, pikeni. Ila sufuria yangu mwaioshe wenyewe."

Fundi akaunganisha geji kwenye betri, akatumbukiza ncha ya sensa majini, tukasubiri. Hapa Dar tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 100. (Ukifanya jaribio hili Mbeya, tegemea kama 94, kwa sababu ya mwinuko.) Tulikuwa na geji mbili. Moja niliagiza mwenyewe, yenye jina. Nyingine aliiacha mteja wake, alinunua duka moja la Kariakoo kwa bei ya kutupa. Yangu ikasoma 99. Ile nyingine ikasimama kwenye 86 na haikusogea, maji yanatokota.

Fikiria sasa. Ukiwa barabarani inakwambia 92, wewe unapiga mluzi, kumbe maji yameshapita 100. Bora usiwe na geji kabisa, maana asiyekuwa nayo angalau ana wasiwasi.

Kuhusu kufunga sitakuchosha na kila skrubu, lakini mambo machache shika. Geji ya presha ya oili nunua ya umeme. Zipo zile za mrija, ambazo oili yenyewe inapita kwenye kijibomba mpaka ndani ulipokaa. Kijibomba kikipasuka, oili ya moto inakumwagikia mapajani. Sitaki hata kuwaza. Ya tabo ikiwa ya mrija haina neno, humo mnapita hewa tu.

Kwenye Impreza hii sensa ya oili inakaa juu ya injini, mbele, chini ya altaneta. Fundi alifungua altaneta kwanza. Hapo kuna mtego: tundu la Kijapani lina thredi 28 kwa inchi, na sensa nyingi za Kimarekani zina 27. Zinafanana kama mapacha. Inaingia mizunguko miwili, mitatu, kisha inakaza. Fundi mwenye papara anaongeza nguvu, mara chuma kinapasuka. Dawa yake ni adapta ndogo tu.

Mzee hakufunga sensa moja kwa moja pale juu pia. Alitumia mpira mfupi wa presha uliosukwa kwa waya, sensa akaifunga pembeni kwenye bodi. Sababu ni kwamba sensa ni nzito, na mtikisiko wa injini huweza kukata kiungio chake cha shaba, oili yote ikaishia barabarani. Sensa ya waya mmoja inataka na waya wa ethi, na usiizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kama vile unafunga kidonda, itakosa ethi na geji itasoma ndoto.

Umeme wote tuliuchukua nyuma ya redio, maana pale kuna kila kitu: waya wa moja kwa moja wa betri, waya wa swichi, waya wa taa, na ethi. Tukaweka fyuzi yake. Usiamini rangi za waya, pima kwa tesa. Mwisho tukazungusha kila geji kwenye kishikio chake ili hali ikiwa ya kawaida mishale yote ielekee juu. Ni ujanja wa watu wa mashindano. Husomi namba, unatupa jicho mara moja, na uliopinda unauona papo hapo.

Wiki ya kwanza tu geji ya maji ikaanza umbea. Usiku, barabara ya Bagamoyo, gari inatembea vizuri, nyuzi 64. Haipandi. Nikampigia fundi. "Kaka, hapo hakuna thamostati," akasema hata bila kuiona. Tulipofungua, kweli, nyumba tupu. Aliyekuwa nayo kabla yangu alishaing'oa.

Tabia hii imezagaa mjini. Gari ikichemsha, fundi anang'oa thamostati, anakwambia "sasa haitachemsha tena." Matokeo yake injini inatembea baridi, oili inabaki nzito, kompyuta inadhani ndiyo kwanza asubuhi inaongeza petroli, na ugonjwa halisi unabaki umejificha. Tukaweka thamostati mpya, ile inayofunguka kwenye nyuzi 78 hivi. Tangu hapo mshale ukatulia kati ya 84 na 90.

Ugonjwa uliojificha nao ulijitokeza, na haukuchagua mahali pazuri. Nilikuwa nampeleka mama Iringa pamoja na shangazi, mzigo umejaa mpaka nyuma. Tumepita Ruaha Mbuyuni, tunaanza mlima Kitonga nyuma ya lori lililobeba kontena, mwendo wa kobe, kiyoyozi kinapuliza. Geji ikasema 94. Kona mbili mbele, 99. Halafu 104. Nikatazama mshale wa kiwandani: katikati, umetulia tuli.

Nikazima kiyoyozi, nikashusha vioo, nikawasha hita mpaka mwisho ili itoe joto kwenye injini. Mama akashtuka. "Wewe mtoto! Joto lote la Dar tumevumilia, tumekaribia kwenye baridi ndiyo unatuwashia moto?"

"Samahani mama, gari inaumwa."

"Inaumwa wapi, mbona inatembea?"

Hapo ndipo panapomtenganisha mwenye geji na mwenye hereni. Gari ilikuwa inatembea kweli. Haikutoa moshi, haikunuka, taa haikuwaka. Lori mbele, foleni nyuma, mama analalamika, shangazi anajipepea kwa kanga. Kila kitu kilikuwa kinaniambia niendelee isipokuwa ule mshale mmoja, nao ilipofika 107 nikauamini. Nilipata sehemu pana pembeni, nikaegesha, nikaweka pembetatu nyuma, nikafungua boneti. Mfuniko wa rejeta sikuugusa, na wewe usije ukaugusa, yale maji yanababua uso.

Feni mbili za rejeta, moja ilikuwa haizunguki. Soketi yake ya umeme imelegea. Kwenye barabara ya kasi upepo unatosha, hujui kama feni imekufa. Nyuma ya lori mlimani ndiyo unajua. Tulikaa karibu saa nzima injini ipoe, nikasukuma soketi, nikaifunga kwa waya, feni ikarudi. Tuliingia Iringa jioni, nyuzi 88. Gasketi ya silinda hedi ni nzima mpaka leo. Mama anasimulia kwamba gari yangu ina kipimo cha homa.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, kama mfuko unaruhusu geji moja tu, nunua moja, ya maji au ya presha ya oili, iliyo ya kweli. Ichemshe kwenye sufuria kabla ya kuifunga. Kisha tembea nayo mwezi mzima ukiandika namba zako za kawaida: asubuhi, kwenye foleni, barabara ya kasi, mlimani. Hizo ndizo zitakazokwambia siku gari ikibadilika tabia. Na kabla hujaondoka dukani amua kabisa, mshale ukifika wapi utasimama, hata kama ndani umepakia wakwe.

Taa za bluu? Weka, zinapendeza. Sista du akija kuuliza za nini, safari hii utakuwa na la kumjibu.